Maziwa ya Jua

Koleta alikuwa mtu wa kuwaza. Wenzake walimtania kwamba akienda kuchota maji hurudi na ndoo nusu, kwa sababu nusu nyingine humwagika njiani akiwa anawaza. Koleta alicheka tu. Mawazo hayamfungi mtu mikono, alisema, na kweli mikono yake haikujua uvivu.

Alikaa Itetemia, pembeni mwa mji wa Tabora. Mumewe, Nestory, alikuwa fundi baiskeli. Kila asubuhi alikwenda mjini kuziba pancha na kunyoosha magurudumu. Mama yake Nestory, Bibi Suzana, aliishi nao. Na sasa alikuwapo mtu wa nne, mdogo kuliko wote na mwenye sauti kubwa kuliko wote. Huyo ni Jeska.

Jeska alizaliwa mwezi wa sita. Mpunga ulikuwa umekwisha kuvunwa na baridi ya kipupwe ilikuwa imeanza. Koleta alikaa naye ndani, amemfunika kwa kanga mbili, akasikiliza upepo ukipita nje. Siku zile zilikuwa ndefu na laini. Mama na mtoto walilala, wakaamka, wakalala tena. Wakati mwingine Koleta hakujua kama ni asubuhi au jioni, na wala hakujali.

Mwezi wa nane Jeska alijifunza kucheka. Alimcheka jogoo. Jogoo akiwika, yeye anacheka mpaka anapata kwikwi.

Lakini kulea si lelemama. Mwezi wa tisa lilikuja joto, na joto lilikuja na vumbi. Jeska akakohoa majuma mawili. Hakulala, na mama yake hakulala. Siku moja Nestory alirudi kutoka kazini akakuta mtoto analia na mama analia.

"Nani ameanza?" akauliza.

"Sikumbuki," akajibu Koleta. Nestory akamchukua mtoto, akazunguka naye uani mpaka jua likazama. Koleta alilala palepale alipokuwa ameketi.

Mwezi wa kumi na moja mvua ya kwanza ikanyesha. Harufu ya udongo uliolowa ikaingia mpaka chumbani. Koleta alisimama mlangoni na mtoto mkononi. Jeska akanyoosha kidole, tone likaanguka juu yake, akakiangalia kidole kile kwa mshangao mkubwa. Koleta aliona furaha mpaka ikamuuma.

Mwezi uliofuata Jeska alitimiza miezi sita, akaanza uji. Na mwezi wa kwanza ulipofika, kazi ya mpunga ikafika.

Wanawake sita wa mtaa walikuwa wameungana kupandikiza mpunga mbugani, kwenye bonde linalotuama maji. Leo waliingia jaruba la huyu, kipande chake kilichozungushiwa matuta, kesho jaruba la yule. Ukikosa siku ya mwenzako, naye atakosa yako, na mche wa mpunga hausubiri mtu. Kwa hiyo Koleta aliondoka kila siku alfajiri na kurudi saa kumi jioni. Kutoka nyumbani mpaka mbugani ni mwendo wa nusu saa.

Mtoto alibaki na Bibi Suzana.

Mbuga ilikuwa nzuri mwezi ule. Maji yalitulia ndani ya majaruba na mawingu yalionekana humo. Koleta aliinama, akachomeka miche, akarudi hatua moja nyuma, akachomeka tena. Ilikuwa kama anapanda mpunga mawinguni. Pembeni mwa mbuga ilipita njia nyembamba. Wazee walisema ndiyo njia ya misafara ya zamani, ile iliyopita Tabora ikaenda mpaka Ujiji. Siku hizi hupita watu wenye baiskeli na magunia ya mkaa. Lakini Koleta, ambaye hakukosa la kuwaza, aliona misafara. Aliona wapagazi wenye mizigo kichwani. Nyuma yao aliona wanawake wenye sufuria, na watoto wamelala migongoni mwao juani.

Kufikia saa sita mchana kifua chake kilikuwa kimejaa. Maziwa yalilowesha blauzi. Alijua Jeska ana njaa, kwa sababu mwili wa mama hauhitaji saa. Saa kumi ilipofika alirudi nyumbani mbio mbio. Jeska aliposikia sauti yake tu, alinyoosha mikono na kulia.

"Usimguse bado, Mama Jeska," alisema Bibi Suzana. "Umetoka juani. Maziwa hayo yamepigwa na jua. Yamwage kwanza."

Ndivyo ilivyokuwa kila jioni. Koleta alikwenda nyuma ya jiko. Akakamua maziwa yote chini mpaka kifua kikalegea. Ardhi nyeusi iliyanywa upesi, na siafu walikuja kuangalia kulikoni. Kisha aliketi kivulini mpaka mwili upoe. Mtoto alilia muda wote huo. Alipopewa titi hatimaye, alikuta kidogo tu. Alivuta, akaachia, akalia tena. Basi Bibi akampa uji. Ulikuwa uji mwepesi kama maji ya kuoshea mchele, kwa sababu Bibi aliogopa uji mzito utamkaba.

Koleta hakubisha. Mama mkwe wake alikuwa mwema kwake tangu siku ya kwanza, na yeye mwenyewe alikuwa mzazi mgeni. Mgeni huuliza, habishi. Lakini nyuma ya jiko, akiona maziwa yanapotea ardhini, moyo wake uliuma kuliko kifua.

Siku moja, akiwa ameinama jarubani, wazo lilimjia. Wale wanawake wa misafara walitembea juani siku nyingi, na watoto wao walinyonya njiani. Je, nao walimwaga maziwa? Hao watoto wangefikaje? Alisimama wima akitafakari, mche mkononi, mpaka wenzake wakamcheka.

"Koleta amekwenda Ujiji," mmoja akasema. "Mwacheni, atarudi jioni."

Siku ya kliniki ikafika. Koleta alimpeleka Jeska zahanati. Muuguzi Theodora, mwanamke mrefu mwenye sauti ya upole, alimpima mtoto, akaweka nukta kwenye kadi. Kisha akaitazama tena nukta ile.

"Mama Jeska, tazama hapa," alisema. "Mwezi uliopita mtoto alikuwa kwenye kijani. Leo amepungua. Ameingia kwenye kijivu. Amewahi kuharisha? Amepata homa?"

"Hapana."

"Ananyonya?"

"Ananyonya."

"Anakula nini?"

"Uji. Bibi yake humpa."

Theodora alimwangalia mtoto mikononi na mapajani. "Nitamtuma Zuwena aje kwenu, tuone shida iko wapi. Umrudishe mtoto baada ya majuma mawili. Akishuka tena, akaingia kwenye nyekundu, nitakuandikia rufaa. Atalazwa hospitali."

Koleta hakusema habari ya maziwa yanayomwagwa. Hakuficha. Hakujua tu kama ni jambo la kusema, kwa sababu kwao kila mama mwenye shamba alifanya hivyo. Alimfunga mtoto mgongoni akarudi nyumbani polepole. Njia nzima aliona kijani. Majani yalikuwa yameota, mahindi yalikuwa yamefika magotini, mpunga ulikuwa umeshika. Kila kitu kilikuwa kinakua, isipokuwa mtoto wake.

Jioni ya kesho yake Zuwena alikuja. Alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa ule. Ni mwanamke mfupi, mcheshi, na daftari lake lilikaa kwenye kikapu cha baiskeli. Alimwamkia Bibi Suzana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mama Jeska yuko nyuma ya jiko, amerudi sasa hivi."

Zuwena alizunguka nyuma ya jiko. Akamkuta Koleta ameinama, anakamua maziwa chini. Ndani ya nyumba Jeska alikuwa analia.

"Unafanya nini, mdogo wangu?"

"Namwaga maziwa ya jua."

Zuwena hakucheka wala hakugomba. Alichutama karibu naye, akaangalia ile ardhi iliyolowa. "Unamwaga kila siku?"

"Kila siku ya shamba."

"Basi nimeshajua chakula cha Jeska kinakwenda wapi," Zuwena akasema.

Walirudi uani. Zuwena alikuwa anatafuta maneno ya kuanzia, maana kumfundisha mtu mzima kwake kunataka adabu. Wakati huo huo Masolwa alifika na baiskeli yake. Masolwa alikuwa mfugaji. Aliuza maziwa mtaa ule asubuhi na jioni, na Bibi Suzana hakukosa lita yake ya jioni.

"Mwadila, mayu," Masolwa alimsalimu Bibi kwa Kisukuma, akaanza kupima maziwa.

Zuwena akaona mlango umefunguka. "Masolwa, ng'ombe wako leo wameshinda wapi?"

"Malishoni, ng'ambo ya reli."

"Kivulini?"

"Kivuli kiko wapi kule, dada? Jua lote ni lao."

"Walipofika zizini ukafanyaje?"

"Ndama alinyonya kidogo, kisha nikakamua. Ndiyo haya."

"Hukumwaga ya kwanza?"

Masolwa alimtazama kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa. "Nimwage maziwa? Kwa kosa gani?"

Koleta aliangalia chini ili asicheke. Bibi Suzana alishika sufuria yake ya maziwa kwa mikono miwili.

"Mtu si ng'ombe," alisema.

"Kweli, mama," Zuwena akajibu. "Lakini jua ni hilo hilo moja."

Masolwa alipokwenda zake, Zuwena aliketi mkekani. Alizungumza taratibu, akimtazama Bibi kuliko Koleta.

"Mama, maziwa hayakai kifuani kama maji ya ndooni, yakangoja kuchacha. Mwili unayatengeneza wakati wote. Jua linachoma ngozi, lakini haliharibu maziwa. Mama akitoka shambani, anawe mikono. Afute jasho na tope kifuani. Anywe maji, kwa sababu naye ana kiu. Kisha amnyonyeshe mtoto hapo hapo. Kadiri mtoto anavyonyonya, ndivyo maziwa yanavyoongezeka."

"Na mchana kutwa nisipokuwapo?" Koleta akauliza.

"Alfajiri mnyonyeshe kwanza. Kisha kamua kwenye kikombe safi kilichochemshwa. Kifunike, ukiweke penye ubaridi, pale karibu na mtungi. Bibi ampe kwa kikombe kabla hazijapita saa nne tangu uyakamue. Asitumie chupa ya chuchu, ni ngumu kuisafisha. Yakibaki kikombeni, asimwekee tena."

"Na uji?" Bibi akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Uji nao, mama, umejaa maji. Tumbo linajaa, lakini nguvu hakuna. Upike mzito, ukiinua kijiko usitiririke. Hautamkaba. Mpe polepole akiwa ameketi. Tia karanga zilizotwangwa laini kabisa. Siku nyingine ponda kiazi na yai, au mboga na maharage. Apate mara tatu kwa siku, na katikati kitu kidogo, kama embe lililopondwa."

Bibi Suzana aliifunika sufuria yake ya maziwa. Kisha akasema, "Mimi nimekula chumvi nyingi, lakini haya sikufundishwa. Fanyeni mnavyojua." Akainuka akaingia ndani. Koleta aliona kwamba alikuwa hajakubali. Alikuwa anaogopa kitu, na Koleta hakujua ni nini.

Nestory aliporudi, alielezwa yote. Aliisikiliza habari ile kama anavyosikiliza gurudumu linalolia.

"Kwa hiyo mtoto anakosa maziwa ya mchana kwa sababu ya mwendo wa nusu saa," alisema. "Basi tupunguze mwendo."

Siku mbili hakwenda mjini. Alijenga kibanda kidogo penye ukingo wa majaruba. Alisimamisha nguzo nne, akaezeka nyasi, akatandika mkeka na kufunga chandarua. Toka siku ile, saa sita kila mchana, Bibi Suzana alikwenda mbugani na mtoto mgongoni na mwavuli mkononi.

Mara ya kwanza Koleta alitoka majini akiwa na joto mwili mzima. Alinawa, akafuta kifua, akanywa maji, akaketi. Bibi alimtoa mtoto mgongoni. Jeska alinyonya kwa pupa, mguu mmoja juu, jicho moja likimwangalia mama yake. Upepo ulipita juu ya mpunga. Kwa mbali honi ya treni ililia mjini. Koleta alijiona yuko ndotoni, na akaomba mtu asimwamshe.

Bibi Suzana hakusinzia. Jioni ile alimshika mtoto paji la uso mara kumi. Asubuhi alimshika tena. Mtoto alikuwa mzima, na alikuwa ameshika kanga ya bibi yake anaitafuna.

Baada ya majuma mawili kadi ilionyesha kwamba Jeska ameongezeka. Si sana, lakini mstari ulikuwa umegeuka kuelekea juu. Mwezi wa pili ulipokwisha, mashavu yalikuwa yamerudi. Uji wa karanga ulimpendeza, yai alilikataa mara tatu na mara ya nne akalila lote.

Mwezi wa tatu mvua zikawa nzito. Mpunga ulikuwa mrefu sasa na wanawake walikuwa wanapalilia. Mchana mmoja jua lilitoka kali kati ya mvua mbili. Koleta aliingia kibandani akamnyonyesha mtoto kama kawaida. Jeska alivuta kidogo, akaliacha titi, akagugumia. Koleta alimshika shingoni. Mwili ulikuwa moto.

Bibi Suzana alimnyang'anya mtoto.

"Nimemuua tena," alisema.

Wanawake wote waliacha majembe. "Tena?" Koleta akauliza. Bibi alikuwa anatikisa kichwa tu.

Koleta, yule mtu wa kuwaza, siku hiyo hakuwaza. Alimwomba mwenzake mwenye simu aite bodaboda. Alipanda na mtoto na mama mkwe wake, wakaenda zahanati na matope yao miguuni.

Muuguzi Theodora alimchoma Jeska kidoleni, akaweka tone la damu kwenye kipimo. "Tusubiri robo saa," alisema.

Waliketi kwenye benchi. Robo saa hiyo ilikuwa ndefu. Na humo ndimo Bibi Suzana alimosema.

"Kabla ya Nestory nilikuwa na mtoto mwingine. Alikuwa na miezi tisa, kama huyu. Ilikuwa wakati wa mvua, kama sasa. Nilitoka shambani, jua kali. Alikuwa analia sana. Nikamwonea huruma, sikusubiri kupoa, nikamnyonyesha. Jioni akawa moto. Alfajiri akakakamaa, macho yakageuka. Tulimzika siku hiyo hiyo. Watu wakasema nimemnywesha maziwa ya jua." Alipangusa uso kwa ncha ya kanga. "Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mpaka leo najua ni mimi niliyemuua. Sikutaka na wewe ubebe mzigo huo, Mama Jeska. Ndiyo maana nilikwambia umwage."

Koleta alisogea karibu naye. Alimshika mkono tu. Alikumbuka kila jioni aliyomnung'unikia mama huyu moyoni, akaona haya.

Theodora alikuwa amesikia. Alikuja na kile kipimo, akawaonyesha mistari miwili.

"Ni malaria," alisema. "Inaletwa na mbu. Haitoki kwenye maziwa. Na mbu huyo hakumuuma leo, yapata majuma mawili sasa. Mmefanya vizuri kuja mapema. Atapewa dawa ya mseto siku tatu, naye atapona. Mkiona amekakamaa, au anatapika kila kitu, au hataki kunyonya kabisa, mrudi saa hiyo hiyo, iwe mchana au usiku."

Kisha akachuchumaa mbele ya Bibi Suzana.

"Shikamoo, mama. Naomba nikuulize. Mtoto wako yule, alianza kulia lini?"

Bibi alifikiri. "Tangu asubuhi. Niliacha analia, nikarudi analia."

"Kwa hiyo alikuwa anaumwa kabla hujamnyonyesha."

Bibi Suzana alimtazama.

"Siwezi kumpima leo, mama. Lakini homa, na kukakamaa, na ni wakati wa mvua. Watoto wa namna hiyo nimewaona wengi hapa, na wengi wao ni malaria. Na hili moja nalijua bila shaka: jua haligeuzi maziwa ya mama kuwa sumu. Hukumpa mwanao ugonjwa. Alikuwa mgonjwa, nawe ukampa chakula."

Nje mvua ilianza tena. Bibi Suzana alilia. Hakulia kwa sauti. Alilia kama mtu anayetua mzigo ambao amesahau jinsi ulivyokuwa mzito, na bega bado linauma.

"Mnyonyeshe mtoto sasa," Theodora alimwambia Koleta. "Mwenye homa anahitaji kunyonya zaidi."

Koleta alisita, akamwangalia mama mkwe wake. Alikuwa bado na joto la shambani mwilini. Bibi Suzana alichukua pembe ya kanga yake, akamfuta Koleta jasho kifuani, taratibu.

"Mnyonyeshe, mwanangu," alisema.

Jeska alikunywa dawa siku tatu, na siku ya nne alikuwa anamcheka jogoo. Nestory alikikagua chandarua cha kitandani, akakuta tundu mbili. Mtu aliyezoea kuziba pancha hawezi kuvumilia tundu. Aliketi na sindano na uzi mpaka akazimaliza, kisha akakagua na kile cha kibandani.

Mpunga ukatoa masuke, masuke yakainama. Watoto walifukuza ndege kwa makopo. Mwezi wa tano walivuna. Jeska alisimama mara ya kwanza kwa kushika gunia la mpunga. Alisimama, akatazama dunia ilivyo kutoka juu, akaketi ghafla. Koleta alicheka mpaka machozi, na kidogo alihuzunika pia, kwa sababu yule mtoto wa kanga mbili alikuwa amekwenda na hatarudi.

Mwezi wa sita, siku ya kliniki, walikwenda watatu, Koleta, Bibi na mtoto. Theodora aliweka nukta kwenye kijani. Mstari ulikuwa umepanda, umeshuka, umepanda tena, kama njia ya mtu anayepita mlimani.

Barazani palikuwa na mama kijana ambaye hawakumjua. Aliitwa Kankindi, ametokea Ulyankulu, alikuwa amekuja kumwona dada yake mjini. Alikuwa ametembea mbali juani. Mtoto wake alikuwa analia, naye anambembeleza bila kumpa titi.

"Ana njaa huyo," Koleta alimwambia.

"Najua, dada. Nasubiri nipoe kwanza. Maziwa yangu yana jua."

Koleta alifungua mdomo ili aeleze. Bibi Suzana alimgusa goti, akasogea mwenyewe kwenye benchi mpaka akakaa karibu na Kankindi.

"Mwanao anaitwa nani?"

"Ndayisenga, mama."

"Jina zuri," alisema Bibi. "Wangu wa kwanza aliitwa Bernardo."

Koleta aligeuka. Alikuwa ameishi na mama huyu miaka mitatu, na jina hilo hakuwahi kulisikia.

"Alikufa kwa malaria," Bibi Suzana akaendelea, na sauti yake haikutetemeka. "Nilimnyonyesha mpaka siku yake ya mwisho, nikiwa nimetoka juani. Maziwa hayakumdhuru. Nawa mikono, binti yangu, umpe mtoto chakula chake."

Kankindi alimtazama mwanawe. Kisha akanawa mikono, akafungua kanga, na mtoto akanyamaza.